Nilimkopesha Mama Mkwe Hela Zake Mwenyewe

Wiki iliyopita niliwaambia kwamba picha yangu imetundikwa ukutani pale benki, juu ya mtungi wa maji ya kunywa, chini ya maandishi makubwa: MFANYAKAZI BORA. Wengi wenu mkanitumia pongezi kupitia gazeti hili. Msomaji mmoja akauliza nilifanya nini hasa mpaka nikatundikwa. Nikajifanya sikuliona swali.

Leo namjibu. Mkimaliza kusoma, pongezi zenu mnaruhusiwa kuzichukua.

Kwa aliyeingia leo, mambo yamefika hapa. Mume wangu alifukuzwa kiwandani baada ya kugombana na mashine, na mashine bado iko kazini. Mama yake akahamia kwetu "kwa siku mbili tatu" akiwa na cherehani yake, na huu ni mwezi wa kumi na tisa. Mimi nilitolewa kaunta kwa kumhesabia mteja noti nyingi kuliko alizoomba, nikapelekwa meza ya mikopo kwa majaribio, na malengo mawili: kuleta amana, yaani hela za watu kuwekwa benki, na kukopesha.

Mshahara wangu ndio chakula, ndio kodi ya nyumba, ndio dawa za presha za mama mkwe. Nisipopata barua ya kuthibitishwa kazini, sote watatu tunahamia barabarani pamoja na cherehani.

Sasa, mama mkwe wangu si mtu wa kubeza. Ni mwenyekiti wa kikundi cha mafundi cherehani, wanawake ishirini na sita, na kiti hicho amekikalia mwaka wa kumi na moja. Akiba yao waliiweka kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo tatu zilikaa kwa watu watatu wasiopendana, ili wasije wakapatana wakaiba. Ulinzi wa namna hiyo hata sisi benki hatuna.

Mimi ndiye niliyewatoa kwenye lile sanduku.

Kila jioni nilikuwa na wimbo mmoja tu. Mama, panya. Mama, moto. Mama, wezi. Mwisho akachoka kunisikiliza, wakabeba sanduku zima mpaka benki, wakalifungua mbele ya kaunta. Milioni kumi na mbili. Nikawafungulia akaunti ya muda maalumu, maana yake hela zinakaa mwaka mzima bila kuguswa na benki inawapa riba ya asilimia nne. Lengo langu la amana lilitimia kabla ya saa sita mchana.

Baada ya miezi miwili kikundi kikapata oda nono ya sare za shule. Mama akaja mezani kwangu.

"Mkwe, tunataka hela zetu. Tukanunue vitambaa."

Sikilizeni dhambi yangu. Kama ningeivunja ile akaunti, wangekosa riba yao ya laki nne na themanini, basi. Wangeondoka na milioni zao kumi na mbili na tungebaki watu wa nyumba moja. Lakini mimi ningepoteza amana. Na upande wa mikopo nilikuwa sijakopesha mtu hata mmoja, na mwezi ulikuwa unaisha Ijumaa.

Nikamwambia, "Mama, usivunje. Hela zikae zizae. Mimi nitawapa mkopo wa milioni kumi, na dhamana ni hizohizo hela zenu. Hakuna kusumbuana na hati ya nyumba ya mtu."

"Kumbe inawezekana?"

"Kwa wateja maalumu tu."

Akanishika shavu. Hakuwahi kunishika shavu, hata siku ya harusi.

Mkopo wenyewe ulikuwa wa asilimia ishirini. Riba milioni mbili, ada ya kuandaa mkopo laki mbili, bima ya mkopo laki moja. Benki ikawapa laki nne na themanini kwa kukaa na hela zao, ikawatoza milioni mbili na laki tatu kwa kuwakopesha hela hizohizo. Ile bima ilikuwa ya kuilinda benki, wasije wakashindwa kulipa, na huku hela za kulipia tumezikalia sisi wenyewe.

Mteja mmoja, malengo mawili. Nikatundikwa ukutani.

Hapo ningeishia, ningekuwa mjanja tu kama wajanja wengine. Lakini oda iliisha, mkopo ukalipwa, makato yote nikayakata mwenyewe kwenye malipo ya oda bila kuwaonyesha hesabu, wakakaa sebuleni kwangu kugawana faida, na faida ikawa kiduchu. Wakatafuta pengo liko wapi. Benki haikushukiwa, maana benki kulikuwa na mkwe wa mwenyekiti. Wakamgeukia Mama Mkasi, fundi wao wa kukata.

Mama mkwe mwenyewe alisimama akasema, "Vitambaa vimeliwa mezani kwa kukatia. Hakuna pengine."

Mama Mkasi alilia, akaapa, akawaonyesha mikono mitupu. Wakamtoa kwenye kikundi siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa jikoni nasikia kila neno, nikaongeza chumvi kwenye mboga iliyokuwa na chumvi tayari.

Basi, tuje Jumatatu ya wiki hii.

Meneja wetu tunamwita Bwana Lengo, kwa sababu ukimwambia umefiwa anakuuliza marehemu alikuwa na akaunti wapi. Kila Jumatatu anatusimamisha kwenye ukumbi wa wateja kabla milango haijafunguliwa.

"Benki inakula nini?" akauliza.

"Riba!" tukaitika.

"Na nini?"

"Ada!"

"Na nini?"

"Makato!"

"Na mteja akichelewa kulipa?"

"Faini!"

Watu wazima, wengine wana wajukuu, tunaitikia hivyo kabla hata ya chai. Mlinzi wa mlangoni naye huitikia, na yeye wala si mwajiriwa wa benki.

"Vizuri," akasema Bwana Lengo. "Alhamisi ni Siku ya Wateja. Bosi anakuja kutoka makao makuu." Akanielekezea kidole. "Na wewe barua yako ya kuthibitishwa anakuja nayo. Atakukabidhi mbele ya watu, kwa sababu kikundi cha mama mkwe wako ndicho mfano wetu. Mama atatoa ushuhuda."

Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Bosi, mama ana presha. Kusimama mbele ya watu vile..."

"Nimeshampigia simu. Ameniuliza kama kutakuwa na kipaza sauti."

Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta ameshakata kitambaa cha gauni. Kilikuwa cha buluu na njano, rangi za benki yetu. Mume wangu alikuwa amekaa mkekani anakula wali wa mchana uliobaki.

"Mwanangu," mama akaniita.

Mjue kwamba kwa mama mkwe nina majina manne. Siku njema ni mwanangu. Siku za kawaida ni mkwe. Siku mbaya ni mke wa mwanangu. Na nikiunguza kitu ni binti ya watu. Hiyo ya mwanangu ilikuwa ya tatu tangu niolewe.

"Njoo unifundishe," akasema. "Benki inapataje hela? Nisije nikaulizwa pale mbele nikababaika, nikakutia aibu."

"Mama, wewe sema tu mmefurahi."

"Kufurahi hata mtoto atasema. Mimi ni mwenyekiti."

Nikakaa. Nikaanza na yale mepesi. Nikamwambia mtu akituma hela, tunamkata kidogo. Akichukua taarifa ya akaunti, tunamkata kidogo. Tunanunua fedha za kigeni kwa bei ya chini, tunaziuza kwa bei ya juu kidogo. Serikali nayo inatukopa, inatulipa riba.

"Serikali inakopa kwenu?" Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Na akichelewa mkubwa huyo, mnampiga faini?"

"Huyo hatumgusi, Mama."

"Nilijua tu. Haya, lakini hivyo vyote ni vya kuongezea. Chakula chenyewe ni kipi?"

"Ni riba. Watu wanaweka hela, tunawapa riba ndogo, kama asilimia nne. Wengine wanakopa, tunawatoza riba kubwa, kama ishirini. Tofauti ya pale katikati ndiyo tunayoishi nayo."

Akasimamisha cherehani akafikiri. Kisha akatabasamu.

"Hayo ni mabaki," akasema.

"Mabaki gani?"

"Mteja ananiletea mita tatu. Gauni linakula mbili na nusu. Ile nusu inakwenda wapi?"

"Inarudi kwa mteja?"

Akanitazama kwa huruma. "Binti, foronya zote unazolalia humu ndani ni mabaki ya wateja wangu."

Mume wangu akaacha kutafuna kidogo, akaendelea.

"Mtu kaleta hela, mmempa nne," mama akasema. "Mmempelekea mwingine, mmechukua ishirini. Ile kumi na sita ndiyo nusu mita yenu."

"Si yote faida, Mama. Kuna mishahara, kuna kodi ya jengo, kuna wanaokopa wakatoroka."

"Hata mimi nanunua uzi na sindano. Nimeelewa, na wala siwalaumu." Akaingiza kitambaa chini ya sindano. "Sasa zile zetu, milioni kumi na mbili, mlimkopesha nani?"

Nikaanza kuokota pini zake sakafuni.

"Zikiingia benki zinachanganyika, Mama. Huwezi kujua ipi ilikwenda wapi."

"Jitahidi basi. Kama ni mtu aliyelipa vizuri, nimtaje Alhamisi, nimshukuru."

"Si mlikopeshwa nyinyi wenyewe?" akasema mume wangu na wali mdomoni.

Mume wangu mimi hanisikilizi. Nikimwambia aanue nguo mvua inakuja, hanisikii. Nikimwambia gesi imeisha, hanisikii. Jambo hili moja, kati ya yote niliyopata kumwambia kwenye ndoa yetu, ndilo alilolisikia akalihifadhi.

"Nani kakwambia hivyo?" mama akauliza.

"Yeye. Siku aliyotundikwa picha. Tulicheka sana."

Mama akatoa mguu kwenye kanyagio. Akachukua utepe wake wa kupimia uliokuwa shingoni, akaunyoosha mezani. Akaweka kidole kwenye nne. Akaweka kingine kwenye ishirini.

"Na ile ada ilikuwa ngapi?"

"Laki mbili."

"Na bima?"

"Laki moja."

Hakuandika mahali. Mwanamke huyu anakadiria kitambaa cha nguo za watoto mia kwa kuwatazama wamepanga mstari. Midomo ikacheza kidogo.

"Elfu sabini," akasema. "Kila mtu amekosa elfu sabini, watu ishirini na sita."

"Ndiyo, Mama."

"Ndizo nilizosema Mama Mkasi kazila."

Nilitaka apige kelele, anitupie mkasi, aniite binti ya watu. Hakupiga kelele. Niliogopa, na nilijichukia, na kama kuna mtu amewahi kujiona mdogo kuliko mimi jioni ile, aniandikie tupeane pole.

"Mama, nisamehe."

"Alhamisi saa ngapi?"

"Saa nne. Lakini unaweza kusema unaumwa, hakuna atakayekulaumu."

"Siumwi," akasema, akakanyaga cherehani.

Jumanne hakunisemesha. Jumatano akanisemesha neno moja, "sogea", nilipokuwa nimesimama mbele ya kioo. Kazini nikamwendea Bwana Lengo, nikamwomba atafute mfano mwingine.

"Mfano gani?" akaniuliza. "Mkopo ambao hauwezi kupotea hata mteja akihama nchi? Nipe wa pili kama huo nibadilishe."

Nikarudi mezani kwangu.

Alhamisi viti vilipangwa kwenye ukumbi mpaka karibu na mlango wa kioo. Bosi wa makao makuu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, amekaa mbele, jalada jekundu mapajani. Niliiona ncha ya barua. Jina langu sikuliona, lakini nilijua limo.

Mafundi wakaingia na sare zao, wakakaa mistari miwili. Nyuma yao akaingia mtu aliyenifanya nishike ukuta. Mama Mkasi. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani, na hakumsalimia mtu.

Nikamsogelea mama mkwe. "Mama, yule nani kamwita?"

"Mimi. Nimemfuata mpaka kwake jana."

"Mama, nakuomba..."

"Kakae kwenye kiti chako."

Nikaelewa. Amekuja kunianika. Ana haki. Nikakaa, nikaanza kuhesabu vitu vyangu vya mezani ambavyo ningeviweka kwenye boksi: kikombe, stepla, sandali za kubadilisha.

Bwana Lengo akaanza yeye. Akawasha ile mashine ya kurushia picha ukutani, na pale juu, kwa tarakimu kubwa kama za kalenda, yakatokea mambo yote.

"Ndugu wateja! Kikundi hiki kiliweka kwetu milioni kumi na mbili. Kikapata shida ya mtaji. Je, tulikiacha? Hatukukiacha! Tulikipa mkopo wa milioni kumi kwa dhamana ya akiba yake chenyewe. Na wamelipa wote, na riba yote, bila kuchelewa hata siku moja. Makofi kwao!"

Wafanyakazi tukapiga makofi. Wenye maduka wakapiga makofi. Mafundi hawakupiga. Walikuwa wanautazama ule ukuta, na mimi nikaona vidole vikianza kuhesabu kwenye mapaja. Hawa ni watu wa vipimo.

"Mwenyekiti, karibu!" akasema Bwana Lengo.

Mama mkwe akasimama na gauni lake la buluu na njano. Akapokea kipaza sauti, akakipuliza mara mbili.

"Nawaeleza benki inaishije," akasema. "Mimi ni fundi. Ukiniletea mita tatu, nusu mita nabaki nayo. Mnajua, na hamsemi, kwa sababu gauni mmelipenda."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata bosi wa makao makuu akatabasamu.

"Benki nayo ni hivyo. Inachukua hela zako kwa nne, inampa mwingine kwa ishirini, inabaki na kumi na sita. Hiyo ni kazi yake, hailaumiwi. Lakini kuna fundi mmoja alipeleka kitambaa chake mwenyewe kwa fundi mwenzake akitunze. Halafu akaenda akakikodi kitambaa hichohicho. Fundi huyo ni kikundi chetu."

Kicheko kikakatika. Bwana Lengo akageuka kuutazama ukuta kama vile hajawahi kuuona.

"Kila mmoja wenu alikosa elfu sabini," mama akaendelea. "Mkaambiwa zimeliwa kwenye meza ya kukatia. Hazikuliwa pale. Mama Mkasi hakula hata uzi. Amekaa miezi mitatu bila kazi kwa jambo asilolijua. Nimemwita hapa nimsafishe mbele yenu na mbele ya wageni."

Mama Mkasi akasimama polepole.

"Mwenyekiti," akasema, "wewe ulijua?"

Hapa ndipo nilipofunga macho. Nikasubiri jina langu.

Jina halikuja. Nikafungua macho, nikamkuta mama mkwe ananitazama mimi. Kisha akalitazama lile jalada jekundu kwenye mapaja ya bosi.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kusaini. Nilielezwa kila kitu, nikakubali. Niliona tutajaza kwenye oda. Tuliposhindwa kujaza, nikaogopa kusema."

"Ulijua," akasema Mama Mkasi, "ukasimama ukanitoa."

"Nilijua nikakutoa."

Mama akafungua mkoba wake, akatoa muhuri wa kikundi na daftari la wanachama, akaviweka kwenye meza ya Bwana Lengo. Miaka kumi na moja. Kisha akarudisha kipaza sauti, akatembea mpaka mwisho kabisa wa ule mstari wa mafundi, akakaa. Yule wa pembeni yake akasogeza kiti.

Wasomaji wangu, huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kukubali kwamba chai yake ina sukari nyingi. Asiyekubali kosa dogo, leo amebeba kosa langu lote na kulivaa hadharani. Nilijua amefanya hivyo kwa ajili ya ile barua, na kwa ajili ya mwanawe asiye na kazi, na labda kidogo kwa ajili yangu. Na pia, namjua, aliona afadhali aitwe mjanja kuliko aitwe mwenyekiti aliyechezewa na mke wa mwanawe.

Nililia, bila sauti, mbele ya wateja.

Bwana Lengo uso ukamrudia rangi. Mteja alielezwa, mteja alikubali, benki ni safi. Akanipa kipaza sauti huku anatabasamu kwa bosi.

"Afisa wetu athibitishe tu," akasema. "Mteja alielezwa kila kitu au hakuelezwa?"

Kutoka mwisho wa ukumbi mama mkwe akanitikisia kichwa. Alikuwa ananikataza. Niliona kabisa kwamba ananikataza.

Nikafikiria kodi ya nyumba. Nikafikiria dawa za presha. Nikafikiria mume wangu na wali wake. Halafu nikamtazama Mama Mkasi, bado amesimama, na kile kiti kilichosogezwa, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama mkwe wangu anadanganya," nikasema.

Spika zote mbili zikalitoa neno hilo safi kabisa. Nikaendelea, "Hakujua chochote. Mimi ndiye niliyemficha, mimi ndiye..."

Sauti yangu sikuisikia tena. Nikagonga kipaza sauti. Kimya. Nikageuka, nikamwona Bwana Lengo amesimama kwenye pembe ya ukuta, waya wa spika mkononi.

"Anadanganya?" akadakia mmoja wa mafundi. "Kumbe na hilo la benki kula hela zetu ni uongo?"

"Basi elfu sabini zetu ziko wapi?"

"Kazila yeye!"

"Mkwe wake mwenyewe kasema, anaishi naye nyumba moja!"

"Sikusema hivyo!" nikapiga kelele. "Hakujua! Ni mimi!" Lakini wanawake ishirini na watano walikuwa wameshasimama, viti vinaanguka, na mimi nimeshika kipande cha plastiki kisichosema kitu. Mama Mkasi peke yake ndiye aliyebaki pale aliposimama, mkono mdomoni.

Mama mkwe alikuwa mbali. Alichosikia ni kile walichosikia wote. Akanitazama, na sikuona hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Akainuka, akabana mkoba kwapani, akaelekea mlangoni, nao wakamfuata nje wakimzunguka.

Nikakimbia. Nikaruka viti. Nilikuwa nimebakiza hatua nne kufika mlangoni Bwana Lengo aliponizibia njia na bosi wa makao makuu nyuma yake.

"Hongera," akaninong'oneza. "Umetuokoa. Nilivyokuuliza nilijisahau: ungesema alielezwa, makao makuu wangetudai fomu aliyosaini kwamba ameelewa, na mimi na wewe tunajua hakuna fomu. Sasa ni kesi ya mwenyekiti na kikundi chake. Benki haimo."

"Nipishe, Bosi."

"Pokea kwanza," akasema yule mama wa makao makuu kwa upole, akanyoosha barua. "Umeipata kwa haki."

Sijui niliwaza nini. Nilitaka wanipishe tu. Mkono ukanyooka, barua ikawa kwenye mkono wangu, na mpiga picha wao akapiga.

Kwenye mwanga ule nikatazama nje kupitia mlango wa kioo. Mkoba wa mama mkwe ulikuwa umeshamwagwa chini, dawa zake zimetawanyika kwenye ngazi, na wanawake wameinama wanapekua. Yeye hakuwa anawazuia. Alikuwa ameshika ukingo wa ngazi kwa mkono mmoja na kifua kwa mkono wa pili, anaitazama barua iliyo mkononi mwangu.

Kisha akaanguka pale kwenye ngazi, juu ya dawa zake.